Denys Finch Hatton: Rubani aliyemalizia safari Voi, na injini iliyompeleka hewani

Ukipanda treni ya SGR kutoka Nairobi kwenda Mombasa, kuna uwezekano mkubwa unaipita Voi ukiwa umeinamia simu. Labda unachungulia dirishani kutafuta ndovu wa Tsavo, unapiga picha mbili tatu, unaziweka kwa status, basi. Sikulaumu, hata mimi nimefanya hivyo.

Lakini safari ijayo weka simu chini kidogo. Tazama mlima wa Sagalla unavyosimama juu ya mji, kisha piga hesabu ya kurudi nyuma hadi asubuhi ya Mei 14, 1931. Kindege kidogo kiliruka kutoka kiwanja cha Voi, kikazunguka juu ya kiwanja mara mbili, halafu kikaporomoka na kuwaka moto. Ndani yake mlikuwa na watu wawili na wote walikufa.

Mmoja ulimwengu unamjua. Ameandikwa vitabuni, na mwaka 1985 Hollywood ikamtafutia sura ya Robert Redford katika filamu ya Out of Africa. Huyo ni Denys Finch Hatton. Wa pili aliitwa Kamau. Tutarudi kwake, usiende mbali.

Mtoto wa bwana mkubwa

Denys alizaliwa Uingereza Aprili 24, 1887. Babake alikuwa na cheo cha Earl wa Winchilsea, yaani familia yenye jina na ardhi. Alisomea Eton, shule ya watoto wa wakubwa, kisha Chuo Kikuu cha Oxford. Alikuwa mrefu, mcheshi, mpenda muziki na vitabu, na kila alipoingia watu walimgeukia.

Shida ilikuwa moja. Hakuwa mtoto wa kwanza wa kiume, na kwa desturi yao cheo na mali humwendea kifungua mimba. Hivyo mwaka 1911, akiwa na miaka 24, akaja Afrika Mashariki kama walivyofanya vijana wengi wa aina yake. Tuseme ukweli: hawa walikuwa walowezi, na ardhi waliyogawiwa ilikuwa na wenyewe. Denys naye alinunua ardhi upande wa Bonde la Ufa, akajaribu biashara hapa na pale. Lakini hakuna kazi iliyomshika kwa muda mrefu. Jamaa alipenda kwenda tu.

Vita vilipofika Taita Taveta

Agosti 1914 Vita Vikuu vya Kwanza vilianza, na sehemu ya kwanza ya Kenya kuguswa ilikuwa hapa. Wajerumani walivuka mpaka kutoka Tanganyika wakaiteka Taveta, wakajichimbia kwenye kilima cha Salaita. Ili kuwakabili, Waingereza walijenga reli mpya kutoka Voi kuelekea magharibi, ikipita Maktau hadi Mbuyuni. Ukitembelea Voi, Maktau au Taveta leo utakuta makaburi ya wanajeshi wa vita hivyo.

Reli hiyo haikubeba askari, maji na risasi peke yake. Ilibeba ndege pia. Mwaka 1915 ndege za jeshi la majini la Uingereza zilikuwa Maktau, na mapema 1916 kikosi nambari 26 kilichoundwa na marubani wa Afrika Kusini kikaweka kambi Mbuyuni. Hebu fikiria mtu wa Taita aliyekuwa akichunga mbuzi wake siku ile, aliposikia mngurumo huo juu ya kichwa kwa mara ya kwanza.

Ndege za kikosi hicho ziliitwa BE2c. Zilikuwa za mbao na kitambaa, na injini yake ilikuwa na silinda nane zilizopangwa pande mbili kama herufi V, zikipozwa kwa upepo wa safari bila rejeta. Zilitoa nguvu za farasi 90 hivi. Injini hiyo ilitokana na muundo wa kampuni ya Renault ya Ufaransa. Shika jina hilo la Renault, utalihitaji mbele kidogo.

Denys naye alipigana katika vita hivyo vya Afrika Mashariki. Alikuwa msaidizi wa Jenerali Hoskins, akatunukiwa nishani ya Military Cross. Mwaka 1918 alikwenda Misri kujifunza urubani. Vita vikaisha kabla hajapata nafasi ya kuutumia, lakini hamu ya kuruka ilikuwa imemwingia.

Kwa nini injini ya ndege ni kubwa hivyo?

Hapa tupumzike na Denys kidogo tuzungumze injini, manake bila hiyo hadithi hii haieleweki.

Boda boda iliyokubeba asubuhi ina injini ya pistoni. Pistoni inashuka na kuvuta hewa na petroli, inapanda na kuvibana, plagi inatoa cheche, mlipuko unaisukuma chini, kisha inapanda tena kutoa moshi. Hatua nne, basi. Injini ya ndege ya Denys ilifanya kazi hiyohiyo, hatua kwa hatua.

Tofauti iko kwenye ukubwa. Boda ya kawaida ni cc 125 hivi, silinda moja. Injini ya Denys ilikuwa na silinda nne na ujazo wa lita 5.2. Ujazo huo ni sawa na boda zaidi ya 40! Sasa kituko ni hiki: nguvu yake ilikuwa takriban farasi 100, kama boda 10 tu. Kwani Waingereza hawakujua kutengeneza injini?

Walijua sana. Boda inapata nguvu yake kwa kuzunguka haraka mno, mara 7,000 au 8,000 kwa dakika. Ndege ile haingeweza. Propela yake ilifungwa moja kwa moja kwenye injini, na propela ya mita mbili ikizunguka kasi ya boda, ncha zake zingepita kasi ya sauti. Ikifika huko inapiga kelele tu na kupoteza nguvu badala ya kuvuta ndege. Kwa hiyo injini iliwekwa izunguke polepole, kama mara 2,000 kwa dakika. Na kama unataka nguvu nyingi kwa mzunguko wa polepole, njia ni kufanya kila mlipuko uwe mkubwa. Ndiyo sababu injini za ndege zilianza kubwa na zikaendelea kukua.

Sasa rudi kwa Renault. Vita vilipoisha, maghala ya Uingereza yalijaa injini zilizobaki za Renault zenye silinda nane, bei ya kutupa. Fundi mbunifu aitwaye Frank Halford akapata wazo la mtu wa jua kali: chukua upande mmoja tu wa ile V, silinda nne, ujenge injini ndogo ya bei nafuu. Ikaitwa Cirrus. Mwaka 1925 kampuni ya de Havilland ikaiweka kwenye kindege kipya chenye viti viwili, Moth. Ghafla mtu binafsi mwenye pesa kiasi aliweza kumiliki ndege, kuifunga nyuma ya gari na kuilaza kwenye banda, kwa sababu mabawa yake yalikunjwa.

Spea za Renault zilipoanza kuisha, Halford akabuni injini mpya kabisa ya silinda nne. Hiyo ndiyo Gipsy ya 1927, na ndege iliyoibeba ikaitwa Gipsy Moth. Kumbe basi ile injini iliyonguruma Mbuyuni 1916, na ile iliyonyamaza Voi 1931, zilikuwa za ukoo mmoja.

Mwindaji aliyeanza kuchoka na bunduki

Denys alirudi Kenya akawa mwindaji wa kulipwa, akiongoza safari za matajiri. Mwaka 1928 mgeni wake alikuwa mwana wa mfalme wa Uingereza, aliyerudi tena 1930. Nyumbani kwake, ikiwa alikuwa na nyumba, palikuwa kwa Karen Blixen, mwandishi kutoka Denmark aliyekuwa na shamba la kahawa karibu na Ngong. Walijuana tangu 1918. Yeye ndiye aliyeandika baadaye kitabu kilichozaa ile filamu.

Taratibu kitu kikabadilika kwa Denys. Alianza kuona wageni wakiwafyatulia risasi wanyama wa Serengeti kutoka kwenye magari, wakiua kwa idadi bila hata kutoka jasho. Akaandikia gazeti la The Times la London kulalamika. Akaanza kuwashawishi wateja wabebe kamera. Usimfanye malaika, kwani aliendelea kuwinda na pembe za ndovu zilikuwa sehemu ya kazi hiyo. Ila alikuwa ameanza kugeuka.

Mwaka 1930 akanunua Gipsy Moth yake mwenyewe, ikaletwa Mombasa kwa meli. Alimpaisha Karen juu ya shamba na milima ya Ngong, na mwanamke huyo hakusahau maisha yake yote. Lakini Denys alikuwa na wazo la kibiashara pia. Nyika ya Voi na Tsavo ni vichaka vizito, na msafara ungeweza kutembea wiki nzima ukitafuta ndovu wenye pembe kubwa. Kutoka hewani ungeweza kuwaona kabla ya kifungua kinywa kuisha.

Asubuhi ya Voi

Mei 1931 akaondoka kwenda kujaribu wazo hilo. Alimwalika Beryl Markham, binti aliyekulia Kenya na ambaye naye alikuwa akijifunza urubani. Mwalimu wa Beryl, Tom Campbell Black, alihisi jambo baya akamwomba asiende. Beryl akabaki Nairobi.

Aliyekwenda ni Kamau, Mkikuyu aliyemfanyia Denys kazi. Katika ndege aina ya Moth, rubani hukaa kiti cha nyuma na abiria kiti cha mbele, kila mmoja kwenye tundu lake lililo wazi juu. Maana yake Kamau ndiye aliyekuwa karibu na injini. Alikaa nyuma ya zile silinda nne, upepo na harufu ya oili ya moto vikimpiga usoni.

Ukiwa rubani wa injini moja ya pistoni hapa kwetu, una maadui wawili usiowaona. Wa kwanza ni joto. Hewa ya moto ni nyepesi, kwa hiyo silinda inavuta hewa kidogo kuliko ingevuta kwenye baridi ya Ulaya, na mlipuko unakuwa dhaifu. Mabawa nayo yanashika hewa hiyohiyo nyepesi. Wa pili ni mwinuko. Voi iko zaidi ya mita 500 juu ya usawa wa bahari, Nairobi zaidi ya 1,600, na kadiri unavyopanda ndivyo hewa inavyopungua. Injini iliyoandikwa farasi 100 pale London haikupi 100 hapa. Na ukiwa chini chini, muda mfupi baada ya kuruka, kosa lolote linakukuta huna nafasi ya kulirekebisha.

Sisemi kwamba hiyo ndiyo sababu. Waliokuwa chini waliona ndege ikizunguka, ikianguka, na moto. Petroli ilikuwa kwenye tangi juu ya viti, fremu ya mbao na kitambaa ikafanya mengine. Denys alikuwa na miaka 44. Alizikwa kwenye milima ya Ngong, mahali alipopapenda, na baadaye nduguye akamjengea mnara wa mawe. Miezi michache baadaye Karen, shamba likiwa limeshamshinda, akaondoka Kenya na hakurudi tena.

Injini zilizokuja baada yake

Ajabu ni kwamba mwaka uleule wa 1931 anga ya Afrika Mashariki ilikuwa inafunguka. Mwezi Februari shirika la Imperial Airways lilianza safari kutoka London hadi Mwanza kupitia Kisumu, kipande cha mwisho kikifanywa na ndege za kutua majini. Kila moja ya ndege hizo ilikuwa na injini tatu aina ya Bristol Jupiter. Injini moja ilikuwa na silinda tisa zilizopangwa kwenye duara kama spoku za baiskeli, lita zaidi ya 28, nguvu za farasi zaidi ya 500. Moja ikizima, mbili zimebaki. Hilo ndilo Denys hakuwa nalo.

Unaweza kuuliza, mbona silinda tisa, si wangetengeneza nne kubwa zaidi? Silinda ina mpaka. Ukiipanua sana moto hauenei sawasawa, na joto la katikati ya pistoni linakosa pa kutokea, mwisho inatoboka. Kwa hiyo wahandisi waliongeza idadi. Tisa kwenye duara moja, kisha duara mbili zenye 14 kama kwenye Dakota, ndege iliyobeba abiria wa East African Airways baada ya Vita vya Pili. Wengine wakapanga 12 kwa umbo la V, kama Merlin ya Rolls-Royce, lita 27, iliyosukuma ndege za Argonaut za shirika hilohilo miaka ya 1950.

Kilele kilikuwa Wasp Major ya Marekani, silinda 28, lita 71, nguvu za farasi 3,500. Kila silinda ilikuwa na plagi mbili. Piga hesabu mwenyewe: injini moja plagi 56, ndege yenye injini nne plagi 224. Sasa wewe ndiwe fundi, umeambiwa moja inakosa cheche, itafute. Si mchezo! Injini za pistoni zilikuwa zimefika mahali ambapo kila farasi wa ziada alileta matatizo mawili. Mwaka 1960 East African Airways ikapokea Comet, ndege ya jeti, na zile kubwa zikaanza kuaga.

Ukoo wa Gipsy wenyewe ulifika mbali. Halford aliongeza silinda mbili ikawa Gipsy Six, farasi 200. Septemba 1936 Beryl Markham, yuleyule aliyebaki Nairobi siku ile, aliketi nyuma ya injini hiyo akaruka peke yake kutoka Uingereza kuvuka Atlantiki kuelekea magharibi. Alianguka kwenye bwawa la matope Nova Scotia, Canada, akatoka na jeraha la kichwa. Hakuna mwanamke aliyewahi kufanya safari hiyo peke yake kuelekea upande huo kabla yake.

Kiti cha mbele

Injini kubwa za pistoni sasa ziko makumbusho. Ndogo hazikufa. Nenda Tsavo leo, utaona vindege vyepesi vyenye injini ya silinda nne, vikipozwa kwa upepo kama ile Gipsy, na viti viwili tu. Vinaruka chini juu ya vichaka vilevile, vikitafuta ndovu wenye pembe kubwa. Wazo la Denys lilikuwa sahihi kabisa. Kilichobadilika ni sababu. Siku hizi rubani akimwona ndovu mwenye pembe ndefu anaita askari wa wanyamapori waende kumlinda, na akiona nyayo za majangili anaita wa kuwafuata.

Kuhusu Kamau, niliahidi tutarudi. Mwenzake ana mnara Ngong, kitabu na filamu. Yeye vitabuni amepewa jina moja na sentensi moja, mara nyingi hata hiyo nusu. Lakini hesabu inamhusu sawasawa. Alipanda ndege miaka ambayo watu wa Nairobi walioingia kwenye ndege walihesabika, akakaa kiti cha mbele, akaiona Taita kutoka juu, Sagalla upande mmoja na nyika isiyoisha upande wa pili. Alikuwa na kazi, na alikuwa na watu waliongoja arudi.

Kwa hiyo ukipita Voi na ukasikia mngurumo wa kindege kidogo, inua macho. Na ukimsimulia rafiki yako kisa hiki, taja majina mawili.